Habari za Rangi ya Gari la Mtoto

Leo nataka kuwaeleza habari za kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekigusa wala hakufikiri asili yake: nayo ni ile rangi, au yale mafuta, yapakwayo juu ya kichezeo cha mti ili kipendeze. Kitu ni kidogo, bali habari zake ni ndefu. Zinatoka Uzaramo na kwenda Marekani, zinapita Ulaya na Australia, kisha zinarudi kwetu Mbozi na Tunduma ndani ya kopo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alipoanza kutambaa, nalimchongea gari la mti, mfano wa yale malori makubwa yanayojipanga Tunduma yakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Mbao zilikuwa za mpaini, na magurudumu nalikata katika tawi la mparachichi. Nalipokwisha kulichonga nikaona limepauka, halina uso, nikamwendea fundi mmoja nikaomba mabaki ya rangi nyekundu na ya manjano. Makopo yalikuwa hayana karatasi wala maandishi. Nikapaka mara mbili, gari likang'aa, majirani wakalisifu. Baada ya miezi mitatu nikaona pembe zake za mbele zimekuwa nyeupe: rangi imetoka, mti umeonekana, na alama za meno madogo zimo. Nikacheka, nikamwita mama yake aje atazame. Ikapita miaka mingi, hata siku moja nalipokuwa nikitafuta mambo ya kuwafundisha wanachuo wetu wa ualimu katika somo la kazi za mikono, ndipo niliposoma habari hizi ninazowaeleza. Mtoto yule sasa ni kijana, anasoma, na husahau mambo kama vijana wengine wasahauvyo. Lakini kila asahaupo, mimi hukumbuka zile pembe nyeupe.

Basi, turudi nyuma. Wazee wetu hawakuwa na makopo ya rangi, lakini hawakuacha mti ukae mkavu. Wanyiha walikuwa wahunzi hodari, na jembe lahitaji mpini, na mpini usiopata mafuta hupasuka na kuumiza mkono. Katika sehemu nyingi za nchi hii mafuta yaliyojulikana sana yalikuwa ya nyonyo, mmea ambao wengine huuita mbarika. Mbegu zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa katika maji, mafuta yakaelea juu yakaenguliwa. Watu walijipaka mwilini, wakalainisha ngozi, wakapaka na vyombo vya mti. Hapa yanipasa kusimama kidogo, maana mbegu ya nyonyo yenyewe ni sumu kali, na mtoto akitafuna chache tu aweza kufa. Sumu hiyo haiingii katika mafuta; hubaki katika makapi. Wazee wetu hawakuwa na chuo cha kuwafundisha hayo, lakini njia yao ya kukaanga na kuchemsha ilikuwa njema.

Ili kulainisha mti kabla ya kuupaka walitumia jani la msasa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba msasa ni ile karatasi ya dukani, kumbe karatasi ndiyo iliyopewa jina la mti. Msasa ni jamaa ya mkuyu, na majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Ukilikausha jani lake kidogo, laweza kusugua mwiko au upawa hata ukawa laini kabisa. Weusi ulipatikana kwa chuma cha moto au kwa masizi, na wekundu kwa udongo wa ngeu. Kulikuwa na nta pia, kwa kuwa misitu ya miombo kuanzia Momba hata Ufipa na Tabora ina nyuki tele. Lakini mahali pengi watu walitaka asali tu, kwa kula na kwa pombe, na masega wakayatupa. Nta ilipata heshima ilipoanza kununuliwa na wafanya biashara ili ipelekwe ng'ambo.

Wakati huo huo pwani kulikuwa na kitu king'aacho kuliko nta, nacho ni sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti ulioganda. Iliyo bora si ile itokayo mtini leo, bali ile iliyodondoka zamani sana, ikafukiwa na mchanga, na mti wenyewe ukafa ukaoza ukasahauliwa. Watu waliichimba Uzaramo, na nyuma ya Bagamoyo, na upande wa Kilwa, wakaiuza kwa wachuuzi, nayo ikafika Unguja. Ile mbichi, ambayo haikuzikwa muda mrefu, iliitwa chakazi. Wafanya biashara wa kizungu hawakuweza kulitamka neno hilo, wakaligeuza kuwa jackass, yaani punda dume; na jina hilo la punda likaandikwa katika vitabu vyao vya biashara kana kwamba lina maana.

Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za mji wa Salem zikaja Unguja kuchukua pembe, ngozi na sandarusi, nazo zikatuletea ile nguo ambayo wazee waliita amerikani. Huko Salem sandarusi ilioshwa na kuchambuliwa. Kisha mafundi wa vanishi waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini. Vanishi hiyo ilipakwa juu ya magari ya farasi na meza za matajiri, ikang'aa kama kioo. Mchimbaji wa Uzaramo hakuiona.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo dhara lilipoingia. Mafuta ya kitani hukauka yenyewe yakawa ngozi ngumu, lakini hukauka polepole, na fundi mwenye haraka hataki kungoja. Ikagunduliwa kwamba mafuta yakichemshwa pamoja na unga wa risasi yatakauka upesi. Basi utomvu wetu usio na dhara ukaozwa na risasi.

Risasi tuijuayo sisi ni ile ya bunduki au ya kuvulia samaki. Lakini madini hayo yakifanyiwa kazi hutoa unga wa rangi nyingi: mweupe, mwekundu, na pamoja na kromi hutoa manjano iliyoiva sana. Kwa mpaka rangi, unga huu ni rafiki mwema. Hufunika mti kwa mpako mmoja, hauogopi mvua, na hung'aa. Kwa mwili ni adui. Warumi wa kale walikwisha kuona kwamba wafanyao kazi ya risasi hupauka nyuso zao, na mjenzi wao Vitruvius aliandika hivyo. Hata hivyo watu waliendelea, kwa sababu aonaye uzuri wa rangi ni kila mtu, na aonaye ugonjwa ni mgonjwa peke yake.

Wala risasi haikuwa peke yake. Mwaka 1775 mtaalamu wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alipata rangi ya kijani nzuri sana, ambayo ndani yake mlikuwa na sumu ya aseniki. Katika karne ya 19 ilipakwa kwenye karatasi za ukutani, ikatiwa katika nguo, na katika vichezeo vya watoto pia. Wadachi, ambao vichezeo vyao vya mti viliuzwa duniani kote, walitunga sheria tarehe 5 Julai 1887 kuzuia rangi zenye sumu katika vyakula na katika vitu vya matumizi, na vichezeo vikiwamo. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1885, Kaisari wao alikuwa amekwisha kutoa hati ya kuitwaa sehemu ya nchi yetu.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote, ingawa ni ya huzuni, ni ya mji wa Brisbane, katika jimbo la Queensland huko Australia. Katika miaka ya 1890 madaktari wa watoto wa mji ule waliona watoto wanaletwa na ugonjwa wa ajabu. Tumbo liliwauma, mikono na miguu ililegea, na wengine macho yakaharibika. Dalili zilikuwa za sumu ya risasi. Lakini mtoto mdogo aipate wapi risasi, naye hafanyi kazi ya rangi wala ya machimbo? Walipima maji, wakatazama vyombo vya kupikia. Mmoja wa madaktari hao, John Lockhart Gibson, aliyekuwa daktari wa macho, akatazama nyumba. Nyumba za Brisbane ni za mbao, zina baraza pana, na baraza zina vizuizi vilivyopakwa rangi nyeupe. Jua la kule ni kali. Likiichoma rangi miaka michache, rangi hugeuka unga, nao hushika mkononi kama chokaa ya ubaoni. Mtoto hucheza barazani, hushika kizuizi, kisha hunyonya kidole au hutafuna kucha. Mwaka 1904 Gibson aliandika waziwazi kwamba chanzo ni rangi hiyo.

Wengi hawakumwamini. Wenye kuuza rangi hawakupenda habari hizo, na madaktari wa nchi nyingine walidhani ni ugonjwa wa Queensland tu. Miaka 18 ikapita. Mwaka 1922 serikali ya Queensland ikakataza rangi ya risasi mahali ambapo mtoto aweza kufika. Mwaka mmoja kabla yake, 1921, mataifa yalikutana Geneva wakakubaliana kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba. Lakini mkataba ule uliwafikiria wapaka rangi, wala si watoto. Marekani, iliyonunua sandarusi yetu, haikukataza rangi ya risasi katika nyumba na vichezeo mpaka mwaka 1978. Kutoka 1904 hata 1978 ni miaka 74. Mtoto aliyetafuna kizuizi mwaka ule wa kwanza angalikuwa babu.

Nasi kwetu kopo la rangi lilifikaje? Katika nchi hii ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, rangi ya mafuta zamani ilikuwa ya mwenye mali: ya mlango wa duka, ya motakaa, ya nyumba ya mkubwa. Nadhani iliyoifikisha kwa watu wote ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA, ambayo ilijengwa kuanzia 1970 hata 1975 na kupita Vwawa na Tunduma. Maduka yaliongezeka, na rangi ikauzwa hata kwa kopo dogo. Tena watoto waliona malori mekundu na ya manjano, wakataka magari yao ya mti yafanane nayo. Sioni kosa katika hilo. Nami nalitaka hivyo hivyo.

Mwaka 2009 rangi za madukani zilinunuliwa na kupimwa katika nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kazi ya kwetu ilishikwa na shirika la AGENDA la Dar es Salaam. Katika rangi za mafuta risasi ilionekana nyingi kupita kiasi, na mara nyingi zilizozidi ni za manjano na nyekundu. Naomba mkumbuke rangi za gari langu. Kipimo kinachoshauriwa sasa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika sehemu milioni, yaani katika kilo nzima ya rangi iliyokauka risasi isizidi uzito wa punje chache za mchele. Rangi nyeupe ya zamani iliweza kuwa na risasi nusu ya uzito wake. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa hakidhuru. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa ya risasi aliyoila, mara nne au tano kuliko mtu mzima, nayo huenda kwenye ubongo unaokua, ikapunguza akili yake pasipo kumlaza hata siku moja. Ndiyo sababu mzazi hajui.

Sasa nchi za Afrika Mashariki zimejiwekea viwango vya kubana risasi katika rangi, na yapo makopo yaliyoandikwa kwamba hayana risasi. Hayo ni mambo mema. Lakini kiwango ni cha kopo jipya lenye jina. Lile kopo la mabaki lililokaa stoo miaka kumi, au lililovuka mpaka likapunguzwa chupani, nani ajua lina nini? Tena msidhani ni umaskini wetu tu: mwaka 2007 kampuni kubwa ya Mattel ya Marekani ililazimika kurudisha vichezeo vingi mno kutoka madukani kwa sababu ya rangi yenye risasi. Ikiwa wao walidanganyika, mimi na fundi wangu tungejuaje?

Basi nitawaeleza tufanyavyo sasa chuoni. Kwanza ni mti wenyewe. Mpaini, mparachichi, mwembe na mninga vyafaa, ila vumbi la mninga huwasha pua za wengine. Usichonge kichezeo kwa mnyaa, maana utomvu wake huunguza macho, wala kwa mwavi. Wazee wanajua kwa nini mwavi usitiwe kinywani: gome lake ndilo lililonyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi, na wengi walikufa.

Kisha ni mafuta. Mafuta ni ya namna mbili, na watu hawaelezwi tofauti yake. Yako yanayokauka yakawa ngozi, kama ya kitani. Na ya alizeti hukauka pia, ila polepole zaidi. Na yako yasiyokauka kamwe, kama ya nyonyo, karanga, mawese na nazi. Hayo huulainisha mti lakini hubaki na unyevu, hushika vumbi, na mengine huvunda. Karanga naikataa hata kwa sababu nyingine: wako watoto wachache ambao karanga huwadhuru vikali. Kwetu alizeti hulimwa na kukamuliwa karibu, basi ndiyo tuitumiayo. Mafuta ya kitani ya dukani yaliyoandikwa kwamba yamechemshwa, mara nyingi yametiwa dawa ya madini ili yakauke upesi, hayo tunayaacha.

Tunachukua sehemu moja ya nta safi na sehemu tatu za mafuta ya alizeti, kwa mizani. Tunatia katika kopo, na kopo tunaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka. Ikiyeyuka tunakoroga na kuacha ipoe iwe kama samli iliyoganda. Mti husuguliwa kwa msasa mpaka ulainike, hupakwa kidogo sana kwa kitambaa, huachwa usiku kucha, na asubuhi hufutwa kwa nguvu. Siku ya pili tena, na siku ya tatu. Kisha kichezeo hukaa juma moja au zaidi mahali pakavu penye upepo. Mwanafunzi mwenye haraka hupaka nene, na gari lake hunata kama ubuyu.

Anayetaka rangi aikoroge katika nta hiyo. Masizi safi ya kuni hutoa weusi. Ngeu hutoa wekundu, lakini asiichukue karibu na machimbo ya dhahabu ya Lupa, kwa kuwa wachimbaji hutumia zebaki, nayo hubaki katika udongo. Manjano hutoa rangi ya jina lake, ingawa jua huifubaza. Hata hapo lazima nionye: mwaka 2019 wataalamu waligundua huko Bangladesh kwamba wachuuzi wengine hutia unga wa risasi na kromi katika manjano ili ing'ae. Basi tunatwanga ya kwetu wenyewe. Unga mweusi wa betri za tochi, ambao shule nyingi zimeutumia kupaka ubao, usiguse kichezeo, wala oili chafu ya gari, ipakwayo kwenye nguzo kuzuia mchwa.

Na wenye vichezeo vya zamani vilivyopakwa rangi wasiijuayo, wasivisugue kwa msasa ili waitoe, maana vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Wala wasivitie jikoni viwe kuni. Wamwondolee mtoto, wavifukie mbali na kisima na bustani. La mwanangu nalilifukia hivyo, baada ya miaka yote hiyo, maana mama yake alikuwa amelihifadhi juu ya kabati kwa ukumbusho.

Mtoto wetu wa mwisho ana gari jingine. Nililipaka nta mara tatu. Si jekundu, ni la rangi ya mti tu, na ukilinusa lina harufu ya asali kidogo. Pembe zake za mbele zimekwisha kutafunwa.